Kikombe Kilichovaa Nusu

Wahenga walinena kwamba penye wazee haliharibiki neno. Siku chache zilizopita, nyumbani kwangu, neno liliharibika na mzee yupo, ameketi hatua tatu kutoka mezani, uzi mapajani na sindano mkononi. Liliharibika kwa sababu hapakuwa na aliyemuuliza. Na kwa kuwa mwenye kosa ni mimi, na kosa lenyewe ni la lugha, ambayo ndiyo kazi inayonipa riziki, nimeona si vibaya nilikiri hadharani mbele ya walimu wenzangu na wanafunzi. Huenda likatufaa sote.

Binti yangu yuko gredi ya saba. Katika somo la sanaa, darasa lao lilipewa kazi ya kufuma kwa kroshia vazi la kikombe, yaani ule ukanda wa nyuzi unaozungushwa kwenye kikombe kikubwa cha chai, wenye mwanya wa kishikio na kifungo cha kuufungia, ili chai isipoe upesi na vidole visiungue. Kila mwanafunzi alitakiwa aipambe kazi yake kwa mada moja inayohusu mazao ya nchi. Yeye alichagua chai: kikombe kivae rangi ya kijani ya shamba, na kifuani pake pawe na majani mawili na chipukizi, kama mchumaji anavyoyachuma. Nililipenda wazo hilo. Zao lililopandwa nchini kwa mara ya kwanza kule Limuru mwaka 1903 sasa limo katika kila nyumba, na sioni mahali panapolistahili zaidi kuliko ubavuni mwa kikombe.

Pamoja na kazi hiyo alikuja na karatasi moja ya maelekezo. Ilikuwa ya Kiingereza, tena Kiingereza cha vifupisho: herufi mbili mbili, nambari, nyota na mabano, mithili ya fomula za kemia. Akaniletea niifasiri. Mimi nina shahada ya uzamifu katika isimu, nami nikajiambia kwamba karatasi ya ufumaji haiwezi kunishinda. Rafuni palikuwa na kitabu cha zamani cha kazi za mikono kilichochapishwa Uingereza. Nikakifungua, nikamfafanulia binti yangu kifupisho kimoja baada ya kingine, naye akaandika pembeni mwa karatasi yake.

Mama yangu, ambaye alikuwa amekuja kututembelea kutoka kijijini, aliuliza, "Mnasoma nini hapo? Hebu nileteeni nami nione."

Binti yangu akamjibu kwa adabu wala hakuwa na nia mbaya, "Nyanya, ni ya Kiingereza."

Mama akasema, "Haya," akarudia kufuma kwake. Mimi nilisikia, nikanyamaza.

Jumapili jioni vazi lilikamilika. Safu zote saba zilikuwepo, na kila safu ilikuwa na shono 36 kama karatasi ilivyotaka. Likavalishwa kikombe. Kumbe lilifika nusu tu! Kikombe kilisimama mezani kama mtu aliyevaa shati linaloishia kifuani. Binti yangu alilengwalengwa na machozi. Nikahesabu safu upya, zikawa sawa. Nikasoma kitabu upya, kikasema vile vile. Hapo ndipo mama alipoomba apewe ile kazi. Hakuihesabu. Aliipapasa kwa kidole gumba, akasema, "Mjukuu wangu, wewe umefuma mafundo. Kazi hii ilitaka nguzo."

Nifafanue kauli hiyo kwa wasiojua kroshia. Katika ufumaji huu, mfumaji hutumia sindano moja tu yenye ncha iliyopinda kama ndoana, na karibu kila kitu hujengwa kwa shono chache za msingi. Shono moja ni fupi na iliyobana. Hiyo ndiyo mama huiita fundo. Nyingine ni ndefu, takriban mara mbili ya ile ya kwanza kwa kimo. Hiyo ndiyo nguzo. Safu saba za nguzo, kwa uzi wa unene wa kadiri, hufikia sentimita nane hivi, nacho ndicho kimo cha kikombe cha kawaida. Safu saba za mafundo hufikia takriban nusu tu ya kimo hicho. Mama hakuhitaji rula kulijua hilo.

Kosa lilitoka wapi basi? Lilitoka kwa Waingereza na Wamarekani wenyewe. Mataifa hayo mawili husema lugha moja, lakini katika kroshia hawaelewani. Ile shono ndefu, nguzo ya mama, Wamarekani huiita kwa neno lenye maana ya "maradufu". Waingereza hulitumia neno lilo hilo "maradufu" kwa ile shono fupi, fundo la mama, na nguzo wao huiita "mara tatu". Karatasi ya binti yangu ilikuwa ya Kimarekani. Kitabu changu kilikuwa cha Kiingereza cha Uingereza. Niliposoma "maradufu" katika karatasi na kuitafuta maana yake kitabuni, nilipata fundo mahali palipotakiwa nguzo. Kila neno nililifasiri sawasawa, na kila nilichofasiri kilikuwa kosa.

Ningeweza kuishia hapo, nikatoa funzo jepesi kwamba mtu asichanganye vitabu. Lakini lililonikera si hilo. Lililonikera ni lile neno "Haya" la mama. Katika chumba kile kulikuwa na watu watatu. Mmoja alikuwa mwanafunzi asiyejua, wa pili msomi asiyejua lakini anayejidhania anajua, na wa tatu mjuzi wa kazi ile kwa muda unaokaribia nusu karne. Aliyenyamazishwa ni yule mjuzi, na kilichomnyamazisha ni lugha ya karatasi.

Na mama si mfumaji wa kujipitishia wakati. Kila aliyekulia nchini Kenya anavijua vitambaa: vile vyeupe vyenye maua na vitobo, vilivyolowekwa katika wanga vikasimama imara, vinavyotandazwa migongoni mwa makochi, juu ya meza na hata juu ya televisheni. Mgeni akifika, nyumba huanza kusomwa kwa vitambaa vyake. Mama alijifunza kuvifuma miaka ya sabini katika kikundi cha akina mama, akavifuma sokoni akisubiri wateja, akavifuma ndani ya matatu, akavifuma usiku kwa mwanga wa kandili. Alivyouza ndivyo vilivyonilipia sehemu kubwa ya karo yangu ya shule ya upili. Kwa hiyo nisipopinda maneno, hiyo shahada ya uzamifu ninayoringia ilianzia kwenye ncha ya sindano yake. Kisha siku moja nikaketi mbele yake na karatasi ya kroshia, nikaona heri niulize kitabu kutoka ng'ambo!

Wapo watakaosema kwamba hili ni jambo dogo. Kufuma vazi la kikombe ni mchezo wa watoto na wazee. Kuna haja gani ya kulipotezea wino gazetini? Nawajibu kwamba historia haikubaliani nao. Njaa kuu ilipoikumba Ireland kati ya mwaka 1845 na 1852, kroshia ilikuwa mojawapo ya kazi zilizowapa wanawake na wasichana fedha za kununulia chakula, na watawa walifungua madarasa ya kuifundisha. Mwaka 1997, Daina Taimina, mwanahisabati mzaliwa wa Latvia aliyekuwa katika Chuo Kikuu cha Cornell kule Marekani, alitumia kroshia kuunda mfano wa aina ya uso wa kijiometria ambao wanahisabati walikuwa wakihangaika kuwaonyesha wanafunzi wao. Siri yake ilikuwa kuongeza shono kwa kiwango kile kile katika kila safu, hadi kitambaa kikajikunjakunja chenyewe kama jani la sukumawiki. Kazi inayolisha wenye njaa na kufundisha jiometria si mchezo.

Isitoshe, hilo vazi la kikombe tunalolidharau ni somo kamili. Kikombe chenye kipenyo cha sentimita 8 kina mzingo wa sentimita 25 hivi. Hiyo ni hisabati. Nyuzi huzuia joto kwa sababu hewa hukwama kati yake, na hewa iliyotulia haipitishi joto kwa urahisi. Hiyo ni sayansi. Kuchagua majani mawili na chipukizi badala ya ua lolote lile, kisha kuamua yakae upande gani wa kishikio ili mnywaji ayaone, ni suala lile lile la maudhui na fani tunalowasumbua nalo wanafunzi katika fasihi. Na kuyaeleza yote hayo kwa maandishi, hatua kwa hatua, mpaka mtu asiyekuona aweze kutenda kama wewe, ni mtihani mgumu wa lugha.

Hapo ndipo ninapoingia na swali langu kama mtu wa isimu: je, Kiswahili kinauweza mtihani huo?

Nianze na jina lenyewe la kifaa. Kiswahili ni hodari wa kuvipa vitu mavazi. Kisu kina ala yake. Mto una foronya, neno tulilolipata kwa Wareno. Kitabu kina jalada. Chakula kilichoandaliwa hufunikwa kwa kawa, lile pambo la ukindu lenye umbo la pia, ambalo huhifadhi joto na kufukuza nzi. Hata kushika vitu tumekutengea majina: jembe lina mpini, ndoo ina utambo, kikombe kina kishikio. Lugha yenye jicho kali namna hiyo haiwezi kushindwa na vazi la kikombe. Mimi nilikuwa nimekwisha anza kubuni istilahi nzito nzito kama tulivyozoea chuoni, mama akanikatiza: "Si ni fulana tu ya kikombe?" Nikafunga daftari. Fulana lenyewe ni neno lililotokana na kitambaa cha flaneli, likaingia Kiswahilini na kuvaliwa na kila mtu hadi likasahau asili yake. Fulana ya kikombe! Mtoto wa darasa la kwanza ataelewa, na mwenye duka ataelewa.

Tuje kwenye vitenzi. Wengine husema kushona kroshia, wengine kusuka, wengine kufuma. Mimi nachagua kufuma, kwa sababu kufuma kuna mwenzake ambaye kazi hii haiwezi kwenda bila yeye: kufumua. Wanafunzi wa sarufi wanaijua kauli hii ya kutendua. Funga, fungua. Kunja, kunjua. Ziba, zibua. Kwa kiambishi kimoja tu, kitendo hurudishwa kinyumenyume hadi kilipoanzia. Na irabu ya mzizi ikiwa ni o, kiambishi nacho hugeuka kikawa o, hivyo tunapata shona na shonoa, choma na chomoa. Kroshia ina sifa ya pekee: kwa kawaida ni kitanzi kimoja tu kinachokuwa hai kwenye sindano, na ukiuvuta uzi, kazi yote hufumuka bila kuharibika hata nyuzi moja. Kufumua basi si aibu wala hasara. Nyuzi zikitatana, huna budi kuzitatua. Na hapo mwanafunzi atambue kwamba neno analolitumia kila siku kwa maswali ya hisabati na matatizo ya dunia asili yake ni kuutenganisha uzi uliojifunga. Lugha yetu ilikwisha kuwa mfumaji kabla hatujazaliwa.

Sasa shono zenyewe. Nilipomwuliza mama majina ya fundo na nguzo ameyapata wapi, alishangaa. "Ukiitazama huioni imesimama kama nguzo?" Jibu hilo lilinikumbusha jambo. Warusi huiita shono hiyo kwa neno lenye maana ya nguzo ndogo. Wajerumani huiita kifimbo. Ile fupi, Wafaransa huiita shono iliyobana, na Wajerumani huiita shono imara. Hakuna kati yao aliyekimbilia Kiingereza kuazima. Kila mmoja aliitazama kazi mkononi mwake, akaipa jina kwa alichokiona. Mama yangu, ambaye hajapata kumsikia Mrusi akisema, alifika mahali pale pale kwa njia ile ile. Hiyo ndiyo namna istilahi zinavyozaliwa, na wanaozizaa ni wenye kazi. Sisi wa vyuoni kazi yetu ni kuzikusanya kwa heshima na kuziandika kabla wenyewe hawajaondoka nazo.

Usiku ule ule kazi ilifumuliwa yote, uzi ukakunjwa upya, na bibi na mjukuu wakaanza upya. Mama alisema, binti yangu akafuma huku akiandika. Karatasi aliyoiandika ninayo, na baadhi ya maneno yake ni haya:

"Pima mzingo wa kikombe chako, kisha toa nafasi ya kishikio. Changu kina mzingo wa sentimita 25, nami nimeacha sentimita mbili na nusu. Kwa uzi wa unene wa kadiri na sindano ya milimita 4, fuma mnyororo wa vitanzi 38. Ruka vitanzi vitatu, ambavyo vitasimama mahali pa nguzo ya kwanza, kisha weka nguzo moja katika kila kitanzi hadi mwisho. Hesabu: ziwe nguzo 36. Geuza kazi, panda vitanzi vitatu, ruka nguzo ya kwanza, uendelee hivyo hivyo hadi safu ya saba.

"Nguzo hufumwa hivi. Zungusha uzi mara moja kwenye sindano, chomeka sindano, vuta uzi. Sasa una vitanzi vitatu. Zungusha uzi, upitishe katika viwili. Zungusha tena, upitishe katika viwili vilivyobaki. Fundo ni mdogo wake: chomeka sindano, vuta uzi, una vitanzi viwili, zungusha uzi, upitishe katika vyote viwili kwa pamoja.

"Katikati ya ukingo mmoja, fuma mnyororo wa vitanzi 12, uurudishe pale ulipoanzia uwe tundu la kifungo. Shona kifungo kwenye ukingo wa pili. Tundu litapita ndani ya kishikio. Jani la chai ni mnyororo wa vitanzi 8. Ruka kimoja, weka fundo moja, nguzo tano, fundo moja. Kisha zunguka upande wa pili wa mnyororo ule ule ufanye vivyo hivyo. Ukikosea usiogope. Fumua."

Nimeyasoma maelekezo haya mara nyingi kwa jicho la mwalimu. Hayana neno hata moja la kumtatiza mtoto, hayana kifupisho cha kumpoteza msomi. Nguzo haiwezi kuwa fundo, iwe London au Chicago. Kikombe kilivaa hadi shingoni.

Binti yangu alipeleka shuleni fulana ya kikombe na maelezo yake. Fulana ilisifiwa, ikapata alama zote. Maelezo yalirudishwa yakiwa na agizo fupi: yaandikwe upya kwa Kiingereza, kwa kuwa ndiyo lugha ya somo. Simlaumu mwalimu huyo. Alitii utaratibu aliowekewa, na angekwenda kinyume angeulizwa. Ila nitausema utaratibu wenyewe. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, ulisifiwa kwa mambo mawili: ulitilia mkazo kazi za mikono, na ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutumika nchini kote katika madarasa ya chini mwaka 2019, nao umeahidi kumfanya mtoto atende badala ya kukariri, na umewaita wazazi washiriki. Lakini katika mifumo yote miwili, mikono imewekwa chumba kimoja na Kiswahili kikawekwa chumba kingine, na mlango wa katikati umefungwa. Kiswahili kinafundishwa kama kitu cha kujifunzwa, si kama chombo cha kujifunzia.

Matokeo yake ndiyo yale niliyoyaona sebuleni kwangu. Tunamwita mzazi ashiriki, kisha tunampa karatasi asiyoweza kuisoma. Tunataka mtoto ajifunze kutoka kwa jamii yake, lakini alichojifunza tunakikubali tu baada ya kukivua lugha ya waliomfundisha. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Tarehe 7 Julai, siku ambayo UNESCO ilikubali mwaka 2021 iwe Siku ya Kiswahili Duniani, tunasimama majukwaani tukikisifu Kiswahili kwa utamu na upana wake. Lugha rasmi ya nchi, yenye siku yake duniani, ikirudishwa nyumbani kwa kosa la kueleza namna ya kukivalisha kikombe, sifa zile za jukwaani zina faida gani?

Naijua hoja ya upande wa pili, tena si hoja ya kupuuzwa. Inasemwa kwamba maarifa ya kroshia ulimwenguni yameandikwa zaidi kwa Kiingereza, na mtoto asiyejua vifupisho vyake atafungiwa nje ya hazina hiyo. Ni kweli, na mimi sitaki afungiwe nje. Ajifunze vifupisho vya Wamarekani na vya Waingereza pia, ili asije akapotea kama nilivyopotea mimi. Lakini atavijifunza kwa urahisi zaidi akiwa na fundo na nguzo kichwani mwake kama vigingi vya kuvitundikia. Aliyekwisha kuielewa kazi kwa lugha anayoifikiria nayo hupata shida ya majina tu. Asiyeielewa kazi, majina yakibadilika, naye huanguka nayo. Na ikumbukwe kwamba kilichotuponza siku ile hakikuwa uchache wa Kiingereza. Kilikuwepo cha kutosha, tena cha aina mbili.

Wengine watasema kwamba mama huyo anazungumza Kiswahili, lakini wako akina nyanya wengi ambao Kiswahili si lugha yao ya nyumbani. Hilo nalo ni kweli. Wao wana maneno yao ya fundo na nguzo kwa Kikamba, kwa Kimeru, kwa Dholuo, na mwanafunzi anayetoka kwao ana bahati maradufu. Ayaandike maneno hayo kwanza, kisha ayalete darasani, na Kiswahili kichague na kupokea kama kilivyopokea siku zote. Wanawake wa Ukambani na wa Mlima Kenya waliosuka vyondo kizazi baada ya kizazi, na mafundi wa Lamu wanaotarizi kofia kwa mkono, wote wana msamiati wa uzi na tobo ambao sehemu kubwa yake haijulikani madarasani. Kila mjuzi mmoja akifa na maneno yake, ni kamusi iliyoungua.

Ninalopendekeza si ghali wala halihitaji tume. Mwalimu wa Kiswahili, unapofika kwenye insha ya maelekezo, usiridhike na ile mifano iliyochakaa ya namna ya kupika ugali. Mtume kila mwanafunzi kwa mtu mmoja anayejua kazi ya mikono: mfumaji, seremala, msusi, fundi wa baiskeli. Amwulize, amtazame, aandike hatua zake kwa maneno ya mjuzi mwenyewe. Kisha mwanafunzi mwingine apewe maelekezo hayo, ajaribu kutenda bila kuuliza. Kazi ikitoka, insha imefaulu. Ikitoka nusu, kama ile fulana yetu ya kwanza, hapana haja ya kalamu nyekundu. Kikombe chenyewe kitasahihisha.

Mwalimu wa sanaa, nawe usiyakatae maelezo ya Kiswahili. Yapokee pamoja na ya Kiingereza, ukae na mwenzako wa Kiswahili dakika chache myapitie. Wakuza mitaala, andikeni karatasi za kazi za mikono kwa lugha zote mbili rasmi, ili mwaliko wa mzazi uwe mwaliko kweli. Nasi wa vyuo vikuu tutoke maktabani. Tumeandika tasnifu nyingi kuhusu ukuzaji wa istilahi, na mara chache sana tumeketi chini karibu na anayezitumia.

Nawe mwanafunzi, usingoje mtu yeyote. Nyumbani kwenu, au kwa jirani, yuko mtu ambaye mikono yake inajua jambo ambalo halimo kitabuni. Akikuuliza unasoma nini, usimwambie kuwa ni ya Kiingereza. Mfasirie hata kwa kubabaisha, umwone atakavyokurekebisha.

Mama amekwisha rudi kijijini. Kabla hajaondoka nilimwomba radhi kwa kunyamaza siku ile, naye akacheka, akasema hakuwa ameliweka moyoni. Kwenye begi lake nilimtilia daftari jipya, na binti yangu ameahidi kwamba kila likizo watalijaza pamoja, shono baada ya shono. Asubuhi hii ninapoandika makala haya, kikombe changu kiko kando yangu kimevaa fulana yake ya kijani, majani mawili na chipukizi yakinitazama. Chai ingali moto.